Kidonge cha Walevi

Kakheti, 9 Februari

Mwanangu Nestan,

Pokea salamu za nyumbani, pamoja na theluji iliyokataa kuondoka. Sisi hatujambo, ukiondoa kichwa changu, nacho kinajitahidi. Wewe je? Hao Waswidi wanakulisha? Shangazi yako Lamara anasema katika picha ya mwisho umekonda mpaka pua imekuwa kubwa. Nimemwambia pua hiyo ni ya ukoo wetu, haijawahi kuwa ndogo.

Naandika kwa mkono kwa sababu tangu waliponifungua fuvu sikio langu haliitaki simu, na daktari anasema kuandika kutaamsha mkono wa kulia. Luka atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Nimemwambia asisome. Atasoma.

Sasa habari yenyewe. Jana nilikuwa Tbilisi kwa Daktari Maia. Mionzi imekwisha. Anasema uvimbe wa aina yangu ukikatwa hurudi, tena hurudi na hasira, kwa hiyo wanafanya jaribio: dawa ya saratani ninayomeza sasa iongezewe vidonge viwili vya zamani, waone kama vikiungana vitauzuia. Wagonjwa wengine wanaongezewa, wengine hapana. Kompyuta ilipiga kura, nikaangukia wanaoongezewa. Nikauliza ni vidonge gani. Kimoja ni madini ya shaba. Cha pili, mwanangu, ni kidonge cha walevi! Kile kile ambacho mke wa jirani yetu Gogi alimtilia kwenye supu ya maharage, naye akaenda ubatizoni, akanywa kikombe kimoja, akawa mwekundu kama nyanya na kutapika mbele ya padri. Kijiji kilicheka mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeongoza kucheka.

Daktari akasema wazo hilo limetoka kwenye maabara za nje, mojawapo iko Uppsala. Nikajisemea, kuna mtu namjua Uppsala.

Ni kazi yako hii? Niambie kweli. Luka anaoa Oktoba, baada ya mavuno ya zabibu. Ndugu yangu Otar alipokufa niliweka mkono juu ya jeneza lake nikamwahidi kwamba siku mwanawe huyu atakapooa, mimi ndiye nitakayekuwa tamada. Nitakaa kichwani mwa meza na kusema maneno ya kila kikombe mpaka alfajiri. Umewahi kusikia tamada asiyekunywa? Hata watawa wetu hunywa.

Nijibu upesi, silali vizuri.

Ni mimi baba yako,
Vazha


Uppsala, 11 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na pua ni ile ile. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikazunguka meza ya jikoni mpaka mpangaji wa chini akagonga dari yake.

Ndiyo, ni kazi yangu, mimi na wenzangu wengi. Hospitali mbalimbali hututumia vipande vya uvimbe walivyovitoa vichwani mwa wagonjwa. Tunavikuza kwenye sahani za plastiki zenye vishimo vidogo vidogo, kila kishimo tunakitia dawa mbili au tatu kwa pamoja, halafu tunangoja kuona ni wapi chembe za saratani zimekufa. Dawa moja pekee, ugonjwa huu huizoea haraka. Mbili zikishikana, pengine hazizoeleki. Kidonge cha walevi pamoja na shaba na dawa yako vimeua chembe nyingi sana kwenye sahani. Lakini sahani si kichwa cha mtu, baba. Ndiyo maana kuna jaribio.

Sasa sikiliza, maana nakujua. Kidonge hicho hakicheki na pombe. Hata tone. Si divai, si ile pombe kali ya chacha, si ya kuonja mtungini ukasema umetema. Moyo unaweza kwenda mbio mpaka ukuangushe. Ukinywa, watakutoa kwenye jaribio, na sina kingine cha kukupa, nimekwisha kutafuta.

Siku watakapokuruhusu kunywa itakuwa siku waliyokuondolea dawa. Kwa hiyo mimi kila usiku naomba nisisikie kamwe kwamba baba yangu ameruhusiwa kunywa. Niapie.

Binti yako,
Nestan


Kakheti, 15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Baridi imelegea huko? Mimi kichefuchefu asubuhi, mchana nafuu, jioni nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkono wa kulia umeamka, unaona mwandiko.

Niliapa, na nimetimiza. Sijaonja. Juzi tulifungua mitungi ya divai ya mwaka jana, ile iliyozikwa kwenye sakafu ya ghala. Harufu ilinipanda mpaka nikatoka nje nikashika mti. Nikamwachia Luka aonje. Luka ana ulimi wa mbuzi, kila kitu kwake ni kitamu. Anataka kufungua hata ule mtungi mdogo wa Otar tuliouweka kwa ajili ya harusi. Nimemwambia akiugusa kabla ya Oktoba nitamzika humo yeye.

Jumapili tulikuwa kwa Gogi, mjukuu wake amebatizwa. Nilivyoingia tu, Gogi akasimama: “Karibu Vazha, leo tumekupikia supu ya maharage!” Wakacheka hadi machozi. Haya, deni limelipwa. Wakaniwekea soda ya kijani mbele yangu kama mtoto wa shule. Tamada alikuwa mkwewe wa mjini, anasema maneno ya kikombe kana kwamba anasoma bili ya umeme. Alipofika kwenye kikombe cha marehemu akasema, “Na waliotutoka, wapumzike,” akanywa, akakaa. Basi! Nilitaka kumrushia kuku wa kuchoma. Nikasimama niseme mimi, wote wakageuka, halafu wakaiona ile soda mkononi mwangu wakatazama chini. Nikakaa.

Nestan, hii kazi yako nimeielewa. Ni ushenga. Unazichukua dawa zisizojuana, unaziozesha, halafu unachungulia dirishani kuona kama wameelewana. Nimemwambia hivyo Mwalimu Manana, mgonjwa mwenzangu kutoka Gori. Anafundisha kwaya, na hukaa karibu nami kwenye korido ya hospitali tukingoja kutolewa damu. Alicheka sana. Naye yuko kwenye vidonge. Anasema yeye hakuwa mnywaji, na sasa anaota divai kila usiku.

Kuna kipande cha uvimbe wangu hapo kwako? Daktari alinisainisha karatasi kwamba wanaweza kukituma.

Baba yako asiyetulia,
Vazha


Uppsala, 10 Aprili

Baba,

Shikamoo, na Pasaka njema kabla haijafika. Lamara amenipigia: picha ya kichwa imetoka na uvimbe haujarudi! Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Wenzangu wameniletea maandazi ya mdalasini. Nimeambiwa pia nitembee tembee, maana nawatia wote kiwewe.

Umeniuliza kama upo hapa. Huenda upo. Vipande huja na namba tu, hatuonyeshwi majina, na ni vizuri hivyo. Lakini najua Tbilisi ni mojawapo ya hospitali zinazotuma. Kwa kuwa sijui wewe ni yupi, kila asubuhi nikifungua kabati la joto nawaamkia wote. Mwenzangu Ingrid anadhani naimba.

Jumatatu ya Pasaka mtakwenda makaburini. Namjua kila atakayekuwa na chupa pale. Usinywe, baba. Kwa mama umwagie ardhini, kwa Otar umwagie ardhini, mayai mekundu uyaviringishe, uje nyumbani. Tafadhali.

Mwanao,
Nestan


Uppsala, 26 Aprili

Baba,

Nimepiga simu, haipokelewi. Lamara ananiambia ulianguka hapo hapo makaburini, uso mwekundu, huwezi kupumua, moyo unaenda mbio kama mashine ya kushona, na gari la wagonjwa likakupeleka Tbilisi. Anasema sasa unakaa kitandani na unawagombeza wauguzi. Hilo limenipa nafuu kidogo.

Nakuuliza jambo moja, na sitakukasirikia: ulikunywa?

Nestan


Tbilisi, hospitali, 28 Aprili

Mwanangu,

Sijambo. Usije, sijafa.

Sikunywa. Naapa kwa kaburi la mama yako na la Otar, na unajua siyaapii ovyo. Daktari Maia ameniuliza mara tatu, mara ya tatu nikamgeuzia mgongo. Kikombe hakikugusa mdomo wangu. Gogi alinipa, nikakataa mbele ya watu wote, akanikumbatia. Ukiniita mwongo na wewe, nitajua nimebaki peke yangu.

Baba


Uppsala, 2 Mei

Baba mpenzi,

Nakuamini. Pole, pole sana.

Lakini kukuamini kuna maana yake, na lazima nikuambie. Kama hukunywa, basi ni dawa zenyewe. Maana yake huo mchanganyiko wenyewe unaweza kuutikisa moyo wa mtu. Hospitali yako imewasimamishia vidonge wagonjwa wote walio kwenye jaribio mpaka ijulikane. Huku tumekaa kikao baada ya kikao. Profesa wetu ananiuliza kwa upole, nami namjibu: mtu huyo hakunywa, namfahamu.

Silali. Natafuta kosa kwenye vishimo vyangu, na vyote vinasema kile kile vilichosema mwanzo. Wakati huo huo wagonjwa wanakaa bila vidonge, na uvimbe hausubiri vikao.

Niandikie siku ile yote ilivyokwenda. Kila ulichofanya na kila ulichotia mdomoni, hata kama unaona ni upuuzi. Anza ulipoamka.

Binti yako,
Nestan


Kakheti, 6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimerudi nyumbani. Moyo umetulia, roho haijatulia. Juzi nilimkuta Mwalimu Manana pale koridoni, kaja kuuliza vidonge vyake vitarudi lini. Hakuna aliyemjibu. Akaniuliza mimi, maana binti yangu ni mshenga.

Unataka siku yangu, haya. Niliamka, nikameza vidonge kwa chai. Nikala yai moja na mkate wa jibini wa Lamara. Tukaenda makaburini mimi, Lamara, Luka na mchumba wake Eka. Jua zuri, watu wote wapo, kila familia na kitambaa chake juu ya nyasi. Tukaanza kwa mama yako. Tukaviringisha yai jekundu, Luka akamwaga divai, tukachovya mkate, tukasema, “Mungu akusamehe, Eteri,” tukala. Mimi kikombe sikugusa. Tukaenda kwa Otar, vivyo hivyo. Kwa babu na bibi, vivyo hivyo. Halafu majirani wakaita, huwezi kuwapita marehemu wa watu kama mbwa anayekatiza uwanja, tukapita kwa wote, tukawaombea na kula mkate wao. Mke wa Gogi huuloweka mpaka unadondoka, ndiyo desturi ya kwao. Kisha Gogi akanipa kikombe, nikakataa, kama nilivyokuambia. Hapo ndipo nikaanza kusikia uso unawaka. Nikadhani ni jua.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna nilichokificha.

Baba yako,
Vazha


Uppsala, 6 Mei

Baba! Mkate!

Mkate uliochovywa divai, makaburi yote hayo, na wa mke wa Gogi unaodondoka! Umekunywa kikombe kizima kwa meno yako! Nacheka na kulia, Ingrid ameniletea maji.

Najua hukudanganya. Nimekulia hapo, najua ule ni mkate wa marehemu, haumo kwenye hesabu ya kunywa. Ningekuwa mimi ningejibu vile vile. Hakuna daktari aliyefikiria kukuuliza, na mimi niliyekula mkate huo tangu nina meno nikakuandikia habari za chupa.

Nenda ukamwambie Daktari Maia. Nenda leo!

Nestan


Kakheti, 9 Mei

Mwanangu,

Salamu. Nimekwenda. Luka aliendesha, nikamwambia apunguze mwendo, kisha nikamwambia aongeze.

Koridoni walikuwepo wagonjwa, Mwalimu Manana na wengine. Daktari akataka tuingie chumbani tuzungumze faragha. Nikasema hapana, ni hawa niliowanyima dawa, wasikie wenyewe. Nikasimama kama ninavyosimama mezani. Nikasema: “Mimi Vazha, mtengeneza divai na mwana wa mtengeneza divai, nilikula divai nikidhani nakula mkate, nikaapa kwa marehemu kwamba sikunywa. Dawa haina kosa. Kosa ni langu, na la desturi yangu, na desturi yangu naipenda.” Nilitamani ardhi inimeze. Halafu Manana akasema, “Mimi mbona nimekula mkate wa marehemu mume wangu, lakini sisi Gori tunamwagia kidogo!” Daktari Maia akashika kichwa kwa mikono miwili.

Sasa wameandika kwenye masharti: na mkate wa marehemu pia marufuku. Vidonge vitarudi wakishakagua kila kitu. Mimi pia watanirudishia, wataupima moyo kila mara.

Lakini siku zile zote, Nestan. Kama uvimbe wa mtu umepata nafasi katika siku zile, utanificha?

Baba


Uppsala, 12 Mei

Baba,

Sitakuficha, kwa sababu sijui, na hakuna anayeweza kujua. Ningekudanganya tu nikisema vingine. Vidonge vimerudi kwa wote, hilo ndilo ninalolijua. Meza vyako. Kunywa soda yako ya kijani.

Nakupenda.
Nestan


Uppsala, 8 Septemba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Za mavuno? Miguu ya Luka imeshaiva kwa kukanyaga zabibu? Majira ya kiangazi yote umeniandikia habari za mvua ya mawe, za Gogi na za Eka anayekataa gauni la Lamara. Nimezisoma zote nikicheka. Lakini barua zimekuwa fupi, na picha ya kichwa ilikuwa mwisho wa Agosti, nawe hukusema neno. Daktari Maia hawezi kuniambia, sisi wa maabara tunaona namba tu. Lamara anasema hajui.

Nilitaka nije harusini. Tumepokea vipande vipya, na chembe hizi zikishaanza kukua haziachwi, zinalishwa na kutiwa dawa kwa zamu, mwenzangu ana mtoto mchanga. Niambie nije, nitawaachia.

Picha inasemaje?

Nestan


Kakheti, 13 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Zabibu nzuri mwaka huu, ndogo na tamu. Picha wamepiga. Daktari amesema nimekuwa mgonjwa mtiifu, sasa nyumbani nani ataamini?

Usije. Walishe hao ulio nao, harusi hazitakwisha duniani. Krismasi tutaonana. Mimi nafanya mazoezi ya maneno yangu ya vikombe, nayasema ghalani peke yangu, mitungi inasikiliza.

Baba


Kakheti, 16 Oktoba

Mwanangu Nestan,

Hujambo, mama? Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe mistari inayopanda kilima. Barua hii sikumpa Luka. Nimemwomba Gogi aipeleke posta, kwa hiyo itakufikia imechelewa. Nilitaka harusi ikae na furaha yake kwanza.

Nilikaa kichwani mwa meza, na watu walijaa uani hadi barabarani. Nilinyanyua kikombe cha Mungu, kikombe cha nchi, kikombe cha wazazi, na kila mara nilikuwa nagusa tu mdomo na kukiweka chini. Nikaona watu wanatazamana, maana walizoea kuniona na soda, si divai. Kilipofika kikombe cha marehemu Luka akaniletea pembe ya Otar ya kunywea, imejaa divai ya ule mtungi mdogo. Akaninong'oneza, “Ami, mwagia ardhini tu, inatosha.” Nikasimama. Nilisema habari za baba yake na mama yako, sikusahau hata neno, nilimaliza kila nilichokuja kusema. Nikawataja na wagonjwa wenzangu. Mwalimu Manana picha yake iko safi, bado anameza vidonge vyake, bado amekatazwa divai. Nikamwombea Mungu amzidishie kiu. Watu hawakuelewa, wakasema amina.

Halafu nikanywa pembe yote, mpaka tone la mwisho, nikaigeuza juu chini waone.

Ungesikia kelele zile! Gogi akapanda juu ya benchi akapiga yowe, “Vazha anakunywa! Amepona!” Uwanja mzima ukaitikia, amepona, amepona. Lamara akalia, Eka akanibusu, wapiga ngoma wakaanza bila kuambiwa. Luka alinikumbatia akaninyanyua kama gunia.

Mwisho wa Agosti nilimuuliza Daktari Maia swali moja tu: kama sasa naweza kunywa. Akatazama dirishani, akasema nisubiri wiki mbili kidonge kitoke mwilini. Nilisubiri, tena nikaongeza nyingine, usije ukasema sikuwa mtiifu.

Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha watu. Wewe najua umeelewa tangu ulipoona neno nikanywa, neno uliloomba kila usiku usilisikie. Usiniombe radhi na usizilaumu dawa zako. Ziliniletea masika, kiangazi na zabibu, na hizo nisingezipata. Ziozeshe na nyingine. Na kila asubuhi ukifungua kabati lako, waamkie wote kama kawaida, usimruke hata mmoja.

Divai ilikuwa nzuri. Luka aliifungua mapema kidogo, lakini ilikuwa nzuri.

Baba yako,
Vazha